Mifupa ya Mwalimu Tumpal

Pematangsiantar, 11 Januari 1999

Mama mpenzi,

Horas. Natumaini miguu imepoa na yule nguruwe jike amezaa salama. Sisi huku wazima, ila mvua imetukaba, na bei za sokoni usiniulize.

Mama, kaa chini kwanza. Nakujua, barua unaisomea mlangoni umesimama, ukimaliza unaanza kuniita majina. Kaa.

Kanisa limenichagua niende nje. Si Medan, si Jakarta, ni nje ya nchi, kwa miezi mitatu kuanzia Juni. Nitakwenda na Guru Hasudungan, yule mwalimu mstaafu mwenye kikohozi, kuwafundisha walimu namna ya kuwasomesha watoto wadogo. Walimu wenyewe ni Wakareni waliokimbia vita Burma, wako kambini mpakani mwa Thailand.

Ndiyo, Mama. Wakareni. Watu wale wale wa kaka Tumpal.

Sikuomba, Mungu shahidi. Nilikuwa nimekaa nyuma nikimbembeleza mtoto wa Mama Dumaris, jina likatajwa, nikadhani ni Rouli mwingine maana tuko wengi. Mchungaji aliposema "binti Sihotang," nikamrudishia Mama Dumaris mtoto wake. Huu ni mwaka wa kumi tangu kaka azikwe kule, na wazee wa kanisa waliokaa mezani wote ni wapya, hakuna aliyejua kwamba nina kaka aliyekufa akiwafundisha watu hao. Wao walitafuta tu mwalimu wa darasa la kwanza asiye na mtoto mchanga. Tangu siku hiyo nafagia chumba kimoja mara mbili. Naogopa, na nataka kwenda. Vyote viwili.

Lakini bila wewe siendi. Mtoto wa Kibatak hapandi ndege kabla mama hajamfunika shuka ya ulos mabegani na mjomba hajamlisha samaki mzima. Nipe neno lako.

Binti yako,
Rouli


Sihotang, Ziwa Toba, 24 Januari 1999

Rouli,

Nimesoma nimesimama. Huwezi kunipangia kukaa nyumbani kwangu.

Nguruwe amezaa. Miguu haijapoa wala haitapoa, ni ya uzee, tuiache.

Sasa nisikilize. Mimi naitwa Mama Tumpal. Sokoni Mama Tumpal, kanisani Mama Tumpal. Hata mchungaji mpya aliyekuja juzi, asiyejua Tumpal ni nani, ananipa mkono na kuniita hivyo hivyo. Kila siku ya Mungu naitwa kwa jina la mtoto ambaye udongo wake sijauona. Kaburi la ukoo lile la pale kilimani unalijua. Babu zako walifukuliwa, mifupa ikaoshwa kwa maji ya manjano na ndimu, ikapandishwa humo kwa ngoma na nyimbo. Baba yako yumo. Pembeni yake wameacha nafasi ya Tumpal, na kila nikienda kupalilia naikuta inanisubiri.

Alikufa kwa homa katika msitu wa watu, na habari ilitufikia sisi kaburi limeshaota majani. Mjomba wako Marolop hakumfunika. Maana yake unaijua. Maiti hufunikwa shuka na mjomba wake, si na mtu mwingine yeyote, ndipo watu wajue kwamba huyu hakuokotwa, ana ujombani kwake, na mama yake naye alitoka kwa watu. Mwanangu alizikwa kama mtu wa kuokotwa. Baba yako alikata roho na neno hilo mdomoni.

Unataka baraka? Nitakupa kwa sharti moja: urudi na mifupa ya kaka yako. Ukikubali, shuka nitakufunika na mjomba atakuja na samaki wake. Ukishindwa, kaa hapo hapo Siantar uwafundishe watoto wa Siantar. Nao hawajui kusoma vile vile.

Mama Tumpal


Pematangsiantar, 8 Februari 1999

Kwa Mwalimu Mkuu Naw Eh Wah,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi ndiye Rouli Sihotang, mmoja wa walimu wawili watakaokuja kwenu Juni. Tumeanza kujiandaa na maswali ni mengi. Mna ubao? Mwenzangu, Guru Hasudungan, ameazimia kubeba wa kwake. Nimemwambia ubao hauingii ndegeni, ananijibu nikaipime ndege vizuri. Walimu wenu ni wangapi, na darasa moja lina watoto wangapi? Wanapenda nini tuwaletee? Akina mama wa kanisa letu wanauliza hilo kila Jumapili na mimi sina jibu.

Nina jambo jingine, na nimeandika karatasi nyingi nikizichana kabla ya hii. Mwalimu Tumpal Sihotang, aliyefundisha hesabu katika kijiji chenu upande wa pili wa mto na kufa huko msimu wa mvua wa mwaka 1989, ni kaka yangu wa tumbo moja. Mama yetu yu hai. Anauliza kaburi lake liko wapi na kama linafikika.

Nisamehe kwa kulichanganya hili na habari za ubao.

Wako katika kazi,
Rouli Sihotang


Kambini, mpakani, 2 Machi 1999

Mpendwa Mwalimu Rouli,

Barua yako ililetwa na gari la mchele. Niliisoma huku nimesimamia mtihani, na nilipofika mstari wa kaka yako nikaiweka chini, nikaenda kuchota maji ambayo sikuyahitaji.

Nianze na rahisi. Mwambie mzee aache ubao. Tunaandika kwa mkaa kwenye mbao, na mkaa tunao. Madarasa yetu hayana kuta. Mwalimu wa darasa la kwanza akiuliza "hii ni herufi gani," darasa la tatu ndilo linalojibu. Walimu wengi walikuwa wanafunzi juzi tu, wengine bado wananyonyesha huku wanafundisha. Kwa hiyo msituletee vitabu vingi. Tufundisheni namna ya kufundisha katikati ya kelele. Na kama mnajua, tufundisheni namna ya kumrudisha mtoto kwenye somo akishasikia helikopta na kuingia chini ya benchi. Hilo sisi hatujaliweza.

Kaka yako alinifundisha. Mimi nilikuwa yule msichana wa nyuma niliyezichukia hesabu. Tukikosea hakuchapa, aliimba, tena kwa sauti kubwa ya kwenu mpaka kuku wanakimbia, tukacheka, halafu tukarudia hesabu. Mimi leo natumia njia hiyo hiyo, ila sauti sina.

Kijiji chetu kilichomwa moto miaka miwili iliyopita. Pale sasa ni msitu, hakai mtu. Mambo ya kaburi, nakuomba, tuzungumze ukifika. Si ya kuandika.

Dada yako,
Naw Eh Wah


Pematangsiantar, 15 Machi 1999

Mama,

Nilitaka kukutumia barua yenye habari nusu, nikakumbuka hujawahi kudanganyika tangu nizaliwe. Basi nakupa zote.

Kijiji alikozikwa kaka kimechomwa moto. Watu wamekimbilia ng'ambo ya mto. Nilipouliza kaburi, mwalimu mkuu wao amejibu kwamba tutazungumza nikifika. Hakusema liko wapi wala liko katika hali gani. Ni mwanamke mwema, Mama, hilo naliona katika mwandiko wake, alikuwa mwanafunzi wa kaka. Anasema wanafunzi wakikosea hesabu kaka alikuwa anaimba. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu jikoni kisha nikalia, maana sauti ile ilikuwa ikituamsha hata sisi.

Maandalizi yanaendelea. Wanasema madarasa hayana kuta, kwa hiyo nimeomba kwaya ya akina mama ifanyie mazoezi yake humo humo ninamofundisha. Jumanne sauti ya pili ilinishinda, Alhamisi niliwashinda mimi. Guru Hasudungan ameuacha ubao, sasa anakusanya punje za mahindi za kuhesabia, na chumba chake kimejaa panya. Akina mama wamenunua ulos, moja kwa kila mwalimu wa kule, tuje tuwafunike mabegani siku ya kuwaaga.

Naomba unielewe. Nitakitafuta hicho kipande cha ardhi. Lakini nipe ruhusa niondoke.

Rouli


Sihotang, 22 Machi 1999

Rouli,

Kwa hiyo ndivyo hivyo. Mwanangu aliwapa ujana wake, akawapa na pumzi ya mwisho, nao walipoona moto wakakimbia wakamwacha kwenye mapori afukuliwe na nguruwe mwitu. Sasa hata kuandika wanaona haya. "Tuzungumze ukifika." Mimi nimeuza kahawa na vitunguu maisha yangu yote, na mtu akiniambia "mzigo tutauzungumza ukifika," najua mzigo haupo.

Na wewe unajikusanyia mashuka ya kuwafunika. Uwafunike watu ambao hawakumfunika kaka yako?

Nilimpelekea mjomba wako barua yako. Alikuwa anatengeneza nyavu. Akaisikiliza yote, akasema, "Samaki sileti." Akaendelea na nyavu zake. Unamjua Marolop, akisema kidogo ndiyo amesema sana. Nami shuka siitoi. Mwambie mchungaji wako atafute Rouli mwingine, si ulisema mko wengi.

Usinione mkatili. Mtoto mmoja nimempoteza kwa watu hao hao, mwingine nimpeleke kwa mikono yangu? Siwezi, mwanangu. Sina moyo huo.

Mama yako


Pematangsiantar, 29 Machi 1999

Dada Naw Eh Wah,

Huenda nisije. Guru Hasudungan atakuja na mtu mwingine, kazi yenu haitakwama. Nakuandikia wewe kwanza kabla ya kumwambia mchungaji, kwa sababu sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Mama amekataa. Ngoja nikueleze, maana kwenu huenda ni tofauti. Kwetu mtu akifa, mjomba wake, kaka wa mama yake, ndiye anayemfunika shuka. Bila hiyo shuka amezikwa kama asiye na kwao. Halafu miaka ikipita, ukoo humfukua. Jembe la kwanza linapigwa na mjomba huyo huyo. Tunaosha mifupa, tunaibeba kichwani, tunaiweka juu pamoja na wazee wake. Hiyo kwetu si kuvunja kaburi, hakuna heshima iliyo juu zaidi ambayo mtu anaweza kumpa marehemu wake. Wanaodharauliwa ndio wanaoachwa chini. Kaka yangu hakupata shuka, hakupata jembe, na mama anazeeka akiitazama nafasi yake tupu.

Wewe uliandika kwamba ni msitu na si mambo ya kuandika. Mama amesikia kwamba mlimtupa. Sitaki kuamini. Kwa hiyo nakuuliza waziwazi, na unijibu waziwazi hata kama jibu ni baya. Mlimwacha?

Rouli


Kambini, 20 Aprili 1999

Dada Rouli,

Hatukumwacha. Nilikuficha, na sasa nitakwambia yote. Nilikuficha kwa kuogopa, maana kwetu kaburi halichokozwi. Sisi tulilichokoza la kaka yako bila kumwomba ruhusa mama yake. Tangu barua yako ya kwanza nimekuwa nikiwaza jinsi nitakavyokutazama usoni na kukwambia: tulimfukua ndugu yako. Nilijua mtatuita wezi wa makaburi. Barua yako hii nimeisoma na walimu wote.

Kaka yako aliishi nyumbani kwa mzee mmoja anayeitwa Kler Htoo. Kijiji kizima tulimwita Mjomba, na kaka yako naye akamwita hivyo hivyo. Homa ilipompata, ilikuwa mvua, mto umejaa, dawa iko ng'ambo. Mjomba alimkesha. Alipokufa watu walitaka kumviringisha kwenye mkeka. Mjomba akaingia ndani, akatoka na blanketi jekundu alilofumiwa na mkewe kabla hajafa, alilokuwa ameliweka azikwe nalo yeye mwenyewe. Akamfunika. Wazee wakamwambia, "Hilo ni lako." Akasema, "Hana mtu mwingine hapa. Mimi ndiye mjomba wake." Nilikuwa nimesimama mlangoni, nilimsikia kwa masikio yangu.

Kisha kijiji kikachomwa, tukavuka na tulichoweza kubeba. Mwaka jana mvua zilipoisha, tukasikia kwamba barabara ya malori inapitishwa juu ya makaburi yetu. Wanafunzi wake wa zamani, sasa watu wazima wenye watoto, wakaanza kunong'ona kwamba tumfukue Mwalimu kabla malori hayajafika. Mchungaji alikataa. Wazee walikataa, wengine kwa hasira. Mjomba hakubishana na mtu. Siku moja tu tukamwona anafunga jembe lake mgongoni, na magoti yake mabovu, ndipo wengine wakamfuata. Mimi nilikwenda. Jembe la kwanza alipiga yeye, hakuruhusu mwingine. Blanketi lilikuwa bado lina wekundu pembeni.

Njia ilikuwa na mabomu ya ardhini, tulikanyaga nyayo za aliye mbele. Kila mmoja alimbeba zamu yake. Mtoni alfajiri maji yalitufika kifuani, tukampandisha juu ya vichwa, tukapokezana mpaka ng'ambo.

Jambo moja siwezi kulisahau. Kaburi la mkewe Mjomba lilikuwa pale pale, hatua chache. Tusingeweza kubeba wawili. Kijana mmoja akamuuliza, "Mjomba, unamwacha mkeo unamchukua mgeni?" Akasema, "Mke wangu yuko kwao. Huyu tulikabidhiwa." Akainama akapapasa kaburi la mkewe, tukaondoka. Wiki ile ile malori yalipita.

Sasa yuko nyuma ya shule yetu, chini ya mianzi. Ardhi hii si yetu, tunaweza kuamriwa kuhama wakati wowote. Tumeshapangana nani atambeba. Mama yako akimtaka, ni mwanawe, tutampa. Mjomba amesema hivyo hivyo. Alisema kisha akatoka nje, hakurudi kula.

Naw Eh Wah


Pematangsiantar, 3 Mei 1999

Mama,

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Naw Eh Wah, nimekutafsiria kwa Kibatak neno kwa neno, sikuongeza wala kupunguza. Nakuomba kitu kimoja, isome pamoja na mjomba. Ifikishe mwisho kabla hamjasema kitu.

Mimi niliisomea posta. Karani aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, halafu ndiyo, halafu nikaondoka bila kuchukua chenji.

Sikuombi tena ruhusa. Utakalosema nitalifuata.

Rouli


Sihotang, 16 Mei 1999

Mwanangu Rouli,

Safari hii nilikaa.

Nilikwenda kwa mjomba wako, nikamkuta na wanawe wanavua nguo za kazi, nikawaambia ketini. Nikasoma. Nilipofika kwenye blanketi nikampa barua binamu yako Saurma, akaendelea. Alipofika kwenye yule mzee kumwacha mkewe, mjomba wako alivua kofia. Rouli, Marolop Malau hajavua kofia yake tangu amzike baba yetu, hata mchungaji akiomba yeye anaisogeza tu nyuma. Aliivua akaishika mkononi mpaka mwisho.

Mimi nimeogopa, mwanangu. Si hofu ya mbwa wala ya deni, ni ile hofu ya kukuta Mungu amepita nyumbani kwako wakati wewe uko nje unagombana na majirani. Miaka kumi nimelia kwamba mwanangu hakufunikwa na mjomba. Kumbe alifunikwa, tena kwa shuka ya kaburi la mtu. Nililia kwamba hakufukuliwa. Kumbe alifukuliwa, jembe la kwanza likapigwa na anayestahili kulipiga, na mifupa ikabebwa kichwani kama inavyotakiwa, na watu ambao hakuna aliyewafundisha mila yetu. Nani aliwaambia? Hebu niambie wewe uliyesoma, nani aliwaambia? Na mimi niliwatukana. Naomba Mungu asiwe amesikia, ingawa najua alisikia.

Mwishowe mjomba wako akasema, "Nimetanguliwa. Kuna mjomba mwingine kule, na amenizidi." Alisema bila wivu. Kisha akaniuliza kitu ambacho mimi kwa kulia kwangu sikukiwaza: "Rouli anabeba shuka za kuwafunika watu gani?"

Umeona kosa lenu? Nyie na akina mama wenu wa Siantar mlijiona wakubwa, mnakwenda kuwafunika watu mashuka. Shuka inatoka juu kwenda chini. Anayefunika ndiye mkubwa. Wale walishamfunika mtoto wetu zamani, kwa hiyo wale ni ujombani kwetu, na mtoto hamfuniki mjomba hata siku moja, ni matusi. Hizo ulos ziacheni. Mtu akienda ujombani anapeleka nguruwe na mchele, anainamisha kichwa, anaingia jikoni kuosha vyombo kabla hajaambiwa. Fundisha hizo herufi zako, ni kazi uliyotumwa, lakini ifundishe kama binti wa nyumba. Nguruwe mtanunua huko huko. Guru Hasudungan naye afundishwe kupika, ana mikono.

Mjomba wako atakuja Jumamosi ya kwanza ya Juni na samaki. Shuka yako nimeshaianika.

Habari za mifupa sizungumzi na wewe. Mtu hapitishi maneno ya ujombani kwa mtoto. Nimemwandikia mwenyewe, barua iko ndani ya hii. Itafsiri upesi uitume, na usirekebishe maneno yangu.

Mama Tumpal


Sihotang, Ziwa Toba, 16 Mei 1999

Kwa Mjomba Kler Htoo, kambini,

Shikamoo, Mjomba. Mimi kwa umri huenda nakupita, lakini wewe ni mjomba wa mwanangu, kwa hiyo nakuamkia mimi.

Mimi ni mama yake Tumpal. Sijawahi kuandika barua nje ya nchi hii. Nimejaribu kutafuta neno la kukushukuru katika lugha yetu nikalikosa, na lugha yetu ina maneno mengi, Wabatak tunajulikana kwa kusema. Akufaaye kwa dhiki ndiye ndugu, basi wewe ni ndugu yangu, na kaka yangu Marolop anakusalimu kwa jina hilo.

Nimesikia kuhusu mke wako. Niambie jina lake nilitaje kanisani. Kila Jumapili nitalitaja nikiwa hai, na nikifa nitawaachia wanawake wa huku. Najua ulichokiacha pale ili mwanangu asipitiwe na magurudumu. Nimelala na kuamka na jambo hilo na bado linanishinda.

Ujumbe umenifikia kwamba nikimtaka mtampa. Mjomba, mtu hadai kitu ujombani. Jina lake tutalichonga huku kilimani kando ya baba yake, na ile nafasi itakaa wazi, na wazee wa ukoo wakinung'unika mimi nipo. Mwanangu abaki kwako. Ulimwita wako mbele ya watu, na mimi nani nikukanushe.

Ila nina ombi. Rouli akija mwezi wa sita nitakuja naye. Nimeshapiga picha ya pasipoti, nimetoka vibaya lakini wamesema inatosha. Sitakuja kufundisha, sijui kitu. Nitakaa jikoni kwenu, nipike, nioshe vyombo, na jioni unioneshe ile mianzi. Nitakaa mpaka mnichoke.

Nimesikia pia kwamba mnaweza kuhamishwa wakati wowote, na kwamba mmeshapangana nani atambeba. Kama amri itakuja nikiwa hapo, mpangilio huo naomba uubadilishe. Msinitazame miguu. Nilimbeba huyo mtoto nikilima, nilimbeba nikipanda ngazi za bandarini na gunia la kahawa kichwani, nilimbeba kabla ya mtu yeyote kati yenu kujua kwamba yupo. Zamu ya kwanza nipeni mimi.

Anayeinama mbele yako,
Mama Tumpal